Laki Nane na Sitini: Nilivyojifunza Kutengeneza Kompaila

Jumatatu moja ya Septemba 2021, saa mbili asubuhi, mama mhasibu wa SACCOS moja ya walimu hapa Moshi alinipigia simu. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akakaa kimya kidogo. Nikajua kuna jambo.

"Mwanangu, huyu mwalimu analipwa laki nane kwa mwezi. Nimekata kodi, nimekata marejesho ya mkopo wake wa zamani. Programu yako inaniambia amebakiwa na laki nane na sitini. Hiyo sitini imetoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Programu ile niliiandika mwenyewe kwa wiki 3. Kazi yake ilikuwa kusoma kanuni za mikopo ambazo wahasibu wameziandika wenyewe kwa Kiswahili, ili bodi ikibadilisha kanuni wasinisubiri mimi. Mstari uliotuletea balaa ulikuwa huu:

baki = mshahara - kodi - marejesho

Mshahara 800,000, kodi 90,000, marejesho 150,000. Jibu ni 560,000, hata mtoto wa darasa la nne analipata. Lakini programu yangu ilikuwa inayakata maandishi kwenye alama ya kwanza ya kutoa, kisha inakokotoa upande wote wa kulia kabla ya kurudi kushoto. Ikachukua 90,000 ikatoa 150,000, ikapata hasi 60,000. Halafu 800,000 kutoa hasi 60,000. Laki nane na sitini. Kwa hesabu hiyo, mwalimu mwenye madeni makubwa kuliko wenzake ndiye aliyeonekana ana uwezo wa kukopa zaidi.

Majaribio yangu yote kabla ya kukabidhi kazi yalikuwa na alama moja tu ya kutoa. Kilichotuokoa ni kwamba yule mama hupitia kila fomu kwa kikokotoo chake cha mkononi kabla hajasaini. Hakuna mkopo uliokuwa umetoka. Nikaomba radhi, nikarudisha 600,000, nusu ya malipo niliyopokea, na usiku huo nikakaa kutafuta nimekosea wapi. Ndipo nilipogundua kwamba nilichokuwa nakifanya kwa kukatakata maandishi ni taaluma kamili, ya kutengeneza kompaila, yaani programu zinazotafsiri maandishi ya lugha ya kompyuta kuwa maagizo ya mashine, ambayo watu wanaihangaikia tangu mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper na mfumo wake wa A-0 mwaka 1952. John Backus na wenzake wa IBM walianza kompaila ya lugha ya FORTRAN mwaka 1954 wakaitoa 1957. Mimi nilikuwa nimetengeneza kipande cha kompaila bila kujua ninachotengeneza.

Imenichukua zaidi ya miaka 2 kujifunza kuifanya kazi hii vizuri. Sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa makosa ambayo mtu mwingine anaweza kuyakwepa, ndiyo maana naandika.

Kosa la kwanza lilitokana na aibu. Kwa kuwa niliumbuka kwa kutojua nadharia, niliapa sitagusa kibodi mpaka niijue yote. Nikanunua kitabu kinene cha chuo, cha mtumba, kwa 85,000. Nikaanza ukurasa wa kwanza. Mashine zenye hali zenye kikomo, namna ya kuzigeuza kutoka aina moja kwenda nyingine, kisha majedwali ya LR, mbinu moja ya kuchanganua maandishi ya lugha ya kompyuta, ambayo msingi wake uliwekwa na Donald Knuth mwaka 1965. Nilijaza madaftari 3 kwa kalamu. Nilikuwa naamka saa kumi alfajiri kabla ya kazi, na umeme ukikatika naendelea kwa mwanga wa simu. Nilikataa kazi ya tovuti ya hoteli moja ili nipate muda. Mke wangu alivumilia, ila jioni moja aliniuliza kwa upole, "Hicho kitu kimeshafanya nini mpaka sasa?" Ilikuwa Aprili 2022, miezi 7 tangu nianze. Nilitazama mashine yangu. Hapakuwa na programu hata moja iliyoweza kujumlisha 1 na 2.

Nadharia ile ni nzuri na leo naisoma kwa raha. Lakini niliisoma kabla sijawa na swali ambalo ingelijibu, kwa hiyo haikukaa kichwani.

Aliyenifungua macho ni mdogo wangu wa sekondari. Alikuja likizo na kazi ya Kiswahili: changanua sentensi zifuatazo kwa njia ya matawi. Nikawa namsaidia. Mtoto mdogo anakula ugali. Juu kabisa unaandika S, yaani sentensi, chini yake matawi mawili, KN (kikundi nomino) na KT (kikundi tenzi). KN inazaa N (nomino) na V (kivumishi): mtoto, mdogo. KT inazaa T (kitenzi) na N: anakula, ugali. Tukafanya sentensi kama sita hivi, na kwenye ile ya sita mkono wangu ukasimama. Mti huu niliokuwa nauchora kwenye daftari la mdogo wangu ndio uleule uliojaa kwenye kitabu changu cha 85,000. S ni KN na KT. KN ni N, au N na V. Hizo ni kanuni za sarufi, na namna ya kuziandika kwa ajili ya lugha za kompyuta ndiyo aliyoianzisha Backus, Peter Naur akaitumia kwenye taarifa ya lugha ya ALGOL 60. Nilikuwa nimeifanyia mtihani nikiwa na miaka 17.

Nikaandika sarufi ya hesabu kwa mtindo huo. Hesabu ni mafungu yaliyounganishwa kwa kujumlisha au kutoa. Fungu ni vitu vilivyounganishwa kwa kuzidisha au kugawanya. Kitu ni namba, au jina, au hesabu nyingine ndani ya mabano. Halafu nikafanya jambo ambalo kitabu kilikuwa kimelipa kurasa chache tu: kila kanuni nikaiandikia fanksheni yake, yaani kipande cha programu chenye kazi moja kinachoweza kuitwa na vingine. Fanksheni ya hesabu inaita ya fungu, ya fungu inaita ya kitu, na ya kitu ikikuta mabano inairudia ya hesabu. Basi. Kwa jioni mbili za kuandika kwa lugha ya Python nilikuwa na kichanganuzi, ile sehemu inayojenga mti kutoka kwenye maandishi. Baadaye nilijua kwamba hata wakubwa hufanya hivyo. Clang na GCC ni kompaila kubwa za C na C++. Clang inaandikwa hivyo kwa mkono, na GCC iliachana na kichanganuzi kilichozalishwa na Bison, programu ya kuzalisha vichanganuzi, kwanza kwa C++ katika toleo la 3.4 la mwaka 2004, kisha kwa C katika toleo la 4.1 la 2006. Sababu mojawapo ni kwamba ukiandika kwa mkono unaweza kumpa mtumiaji ujumbe wa kosa unaoeleweka. Kwa hiyo usianze na majedwali ya LR, wala usiogope kwamba kuandika kwa mkono ni njia ya wanaoanza tu.

Nikalirudia kosa lilelile. Hili nataka kulieleza taratibu, maana naamini kila anayejenga kompaila hulipitia. Kanuni ya asili ya kutoa inasema: hesabu ni hesabu, alama ya kutoa, fungu. Ukiigeuza kuwa fanksheni jinsi ilivyo, fanksheni ya hesabu inaanza kwa kujiita yenyewe, nayo inajiita, na Python inakukatalia kwamba umezidi kina cha kujirudia. Nikaona suluhisho rahisi: nigeuze mpangilio, fungu lianze, kisha kutoa, kisha hesabu. Ikakubali, mti ukajengeka. Nikajaribu 800000 - 90000 - 150000, jaribio ambalo nilikuwa nimeapa halitatoka kwenye folda yangu.

860000.

Niliitazama ile namba muda mrefu. Miezi 8 ya kusoma, na nimerudi palepale kwa mlango mwingine. Ukigeuza kanuni, mti unainamia kulia, na kutoa kunataka mti unaoinamia kushoto. Tiba ni kutumia kitanzi: chukua fungu la kwanza, kisha kila ukikuta alama ya kutoa chukua fungu linalofuata, na kila ulichokwisha kujenga kiwe mtoto wa kushoto wa tawi jipya. Mistari 5 ya Python. Ukija kuhitaji alama nyingi zenye vipaumbele tofauti, tafuta njia ya Vaughan Pratt ya mwaka 1973. Inatoshea kwenye fanksheni moja fupi. Lakini anza na kitanzi, na jaribio lako la kwanza kabisa liwe na alama mbili za kutoa.

Hapo ndipo nilipobadilisha utaratibu wote. Babu yangu wa Marangu alikuwa akichimba mfongo wa kumwagilia migomba. Hakusubiri mpaka mfereji uwe mpana na mzuri kuanzia juu mpaka chini. Alichimba kamfereji kembamba mpaka shambani, akafungulia maji kidogo, akayafuata kwa miguu. Maji yenyewe yakamwonyesha yanapokwama na yanapovuja. Ningeanza upya leo, lugha yangu ya siku ya kwanza ingekuwa namba moja tu: faili lenye 42, na programu inayochapisha 42. Ipite hatua zote, kutoka maandishi mpaka kutekelezwa. Siku ya pili niongeze kutoa. Siku ya tatu majina. Kila siku kompaila iwe nzima, hata kama ni ndogo kiasi gani.

Nikaanza hivyo Mei 2022, na mambo yakaenda. Mwisho wa Julai nilikuwa na intapreta, yaani programu inayoutembelea mti na kukokotoa moja kwa moja bila kuzalisha maagizo ya mashine. Niseme wazi: SACCOS ile haikuhitaji zaidi ya hapo. Kanuni 40 za mikopo hazihitaji kasi ya mashine. Kama una kazi ya mteja na unachotaka ni watu kuandika kanuni zao, ishia kwenye intapreta, mkabidhi, ulale usingizi. Niliendelea mbele kwa kuwa nilikuwa nimeipenda kazi yenyewe, na mteja hakulipia hata shilingi ya safari hiyo.

Nilipowapelekea toleo jipya, likafa siku ya pili. Bodi ilikuwa na mkopo wa ng'ombe wa maziwa, na mhasibu akaandika jina la haki kabisa:

riba_ya_mkopo_wa_ng'ombe = 12%

Leksa yangu, ile sehemu inayoyagawa maandishi kuwa maneno, nilikuwa nimeichukulia mfano kwenye lugha za kompyuta za wenzetu ambako ile alama ya juu hufungua maandishi. Ikaona ng, kisha ikaona maandishi yamefunguliwa, ikameza ombe, asilimia, mistari yote iliyofuata mpaka mwisho wa faili, na kulalamika kwenye mstari wa 96 wakati tatizo liko mstari wa 11. Lugha niliyoitengeneza kwa ajili ya Waswahili haikuweza kusoma neno ng'ombe. Liliniuma kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo: nilitafsiri maneno kama "kama" na "vinginevyo" nikadhani lugha imekuwa ya Kiswahili. Lugha za Haskell na OCaml huruhusu alama hiyo ndani ya jina, nami nikafanya hivyo: ikiwa nyuma yake kuna herufi, ni sehemu ya neno, na maandishi yafunguliwe kwa alama mbili peke yake. Halafu tatizo likarudi wiki iliyofuata kwa faili lililoandikwa kwenye simu. Simu ilikuwa imeweka ile alama iliyopinda, ambayo kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta, ni baiti 3, E2 80 99, tofauti kabisa na ile iliyonyooka. Kama unatengeneza lugha ya watu wetu, jaribu ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, na uyaandike kwa kompyuta na kwa simu.

Kosa lile la mstari wa 96 lilinifundisha jambo jingine. Kila neno ambalo leksa inatoa libebe namba ya mstari na nafasi yake, tangu siku ya kwanza. Mimi sikuweka. Kuja kuyaingiza baadaye kulinilazimu kugusa karibu kila fanksheni niliyokuwa nimeandika, wiki 2 nzima.

Baada ya mti kuna hatua ambayo nilidhani ni ndogo, kumbe ndiyo inayolinda watu zaidi. Turudi darasani. "Kiti kimevunjika" na "kiti amevunjika" zina mti mmoja: nomino, kitenzi. Matawi hayatakuonyesha tofauti. Linalokataa ni upatanisho wa ngeli. Kwenye kompaila kazi hiyo ni ya ukaguzi wa aina. Unatembelea mti ukiwa na daftari la majina yote yaliyotajwa na aina ya kila moja, na kwenye kila tawi unauliza kama walioko chini wanapatana. Kwenye lugha yangu aina ni fedha, asilimia na muda. Fedha kwa fedha hujumlishwa. Fedha ikizidishwa kwa asilimia inazaa fedha. Fedha kuongeza asilimia ni kosa, na kompaila ikatae kabla programu haijaendeshwa. Nilipouwasha ukaguzi huo kwa mara ya kwanza kwenye kanuni za SACCOS, zilizokuwa zikitumika, ukakamata mbili. Moja ilikuwa ikijumlisha siku za kuchelewa kwenye deni, bila kuzidisha kwa faini ya siku. Zilikuwa hasara za shilingi mia mia, lakini zilikuwa za kweli.

Novemba 2022 nikaamua kwenda mpaka kwenye mashine, na hapa nilipoteza pesa kizembe. Kila niliposoma kuhusu kompaila za siku hizi nilikutana na LLVM, mradi ulioanzishwa na Chris Lattner mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois chini ya Vikram Adve. Wazo lake linaeleweka haraka kwa anayeishi nchi yenye makabila zaidi ya 100. Kariakoo, Msukuma hahitaji kujifunza Kichaga, Kimakonde na Kihehe ili auze mchele. Wote wanakutana kwenye Kiswahili. Vivyo hivyo lugha za Rust, Swift na C (kupitia Clang) hutafsiriwa kwanza kuwa lugha moja ya katikati. Hapo hufanyiwa maboresho ili programu iende kasi, kisha hutoka kwenda kwa kila aina ya prosesa. Lugha 10 na prosesa 5 zingehitaji tafsiri 50. Ukiwa na lugha ya katikati unabaki na kazi 15.

Nikaipenda, nikaishusha LLVM nzima kwa bando la simu ili niijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake. Kompyuta yangu ilikuwa na GB 4 za kumbukumbu. Ilifanya kazi usiku kucha, feni inalia, na alfajiri ilipofika hatua ya mwisho ya kuunganisha vipande, mashine ikaganda. Nikarudia. Ikaganda tena, na diski ikajaa. Nikanunua kumbukumbu ya GB 8 kwa 120,000, nikarudia mara ya tatu. Wiki nzima, na bando lililoniishia mara mbili. Ndipo nikagundua kwamba mfumo wa Ubuntu unayo tayari. Amri moja ya apt, programu yake ya kusakinisha vitu, ingenipa kila kitu kwa dakika chache. Kuijenga LLVM mwenyewe ni kazi ya wanaoibadilisha LLVM. Na kama hutaki hata hiyo, fanya kompaila yako izalishe C, halafu GCC imalizie. C++ yenyewe ilianza hivyo, na Cfront ya Bjarne Stroustrup.

Pamoja na hayo niliiweka LLVM pembeni karibu mwaka mzima wa 2023. Nilitaka kwanza kuandika maagizo ya prosesa ya x86-64, aina iliyoko kwenye kompyuta nyingi, kwa mkono wangu, nijue kilichoko chini. Huo ni uamuzi ambao sijutii hata kidogo. Prosesa hiyo ina rejesta 16 za matumizi ya kawaida, yaani vijisehemu vya ndani vya kushikia namba, na swali la thamani ipi ikae kwenye rejesta ipi ni la kitafiti. Gregory Chaitin wa IBM aliligeuza kuwa tatizo la kupaka rangi grafu, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Usiliguse mwanzoni. Weka kila thamani kwenye steki, eneo la kumbukumbu ambako cha mwisho kuwekwa ndicho cha kwanza kutolewa, toa unapohitaji, rudisha. Programu itakuwa nzito lakini itakuwa sahihi.

Hitilafu moja ya wakati ule naikumbuka kuliko nyingine. Kugawanya kulikuwa kunafanya kazi, kisha kunakataa. Mgawanyo wa kwanza kwenye faili unatoka sawa, wa pili unaiua programu, na Linux inaandika "Floating point exception". Lugha yangu haina desimali. Fedha zote ni shilingi nzima. Nilitafuta desimali siku 4. Niliandika upya leksa nikidhani inasoma nukta mahali isipo. Siku ya tano nikaingia kwa gdb, programu ya kutafutia hitilafu, nikatembea agizo kwa agizo, nikasimama kwenye idiv, agizo la kugawanya. Agizo hilo halichukui namba kutoka rejesta ya rax peke yake. Linaunganisha rejesta za rdx na rax kuwa namba moja ya biti 128. Kwenye mgawanyo wa kwanza rdx ilikuwa sifuri kwa bahati. Baada ya kuita printf, fanksheni ya C ya kuchapisha, mara moja, rdx ilibaki na takataka, namba ikawa kubwa mno, jibu halikutoshea, na prosesa ikapiga kelele. Linux huripoti kelele hiyo kwa jina la desimali hata kama hakuna desimali. Dawa ni agizo moja lenye herufi 3, cqo, kabla ya idiv. Siku 4 kwa herufi 3.

Ukifika hapo, kumbuka pia kwamba anwani ya steki lazima igawanyike kwa 16 kabla ya kuita fanksheni ya C, la sivyo printf itaanguka siku moja na kusimama siku nyingine. Na kabla ya kukisia, fungua tovuti ya Compiler Explorer ya Matt Godbolt: andika fanksheni fupi ya C, utaona kompaila kubwa zimetoa maagizo gani. Ningeanza na huyo mwalimu, cqo ningeiona dakika ya kwanza.

Maboresho niliyaogopa, kumbe mlango wake ni mwepesi. Lugha za katikati za siku hizi hushika kanuni iitwayo SSA, iliyokuzwa na watafiti wa IBM mwishoni mwa miaka ya 1980: kila jina hupewa thamani mara moja tu. Yule mama mhasibu ndiye aliyenielewesha bila kujua. Kwenye leja hafuti. Akikosea anaandika mstari mpya chini, na wa zamani unabaki. Ukiandika programu kwa mtindo wa leja, ni rahisi kuuliza thamani hii imetoka wapi na kama kuna anayeitumia.

Boresho langu la kwanza lilikuwa kukokotoa mapema hesabu zenye namba tupu, 2 * 3 iwe 6 kabla ya programu kuendeshwa. Kitu cha nusu saa. Mwezi mzima baadaye nikagundua kwamba -7 / 2 inatoa jibu moja boresho likiwa limewashwa na jingine likiwa limezimwa. Kompaila yangu imeandikwa kwa Python, na mgawanyo wa namba nzima wa Python hushuka chini: hasi 4. Idiv inaelekea sifuri: hasi 3. Programu moja, majibu mawili, kutegemea kama namba ilijulikana mapema. Na Python haina ukomo wa ukubwa wa namba wakati rejesta inaishia biti 64, kwa hiyo nako kulikuwa na shimo. Boresho halina ruhusa ya kubadilisha jibu. Tangu siku hiyo kila jaribio kwenye folda yangu linaendeshwa mara mbili, na bila maboresho, na yakiwemo, na majibu yanalinganishwa herufi kwa herufi. Yako 212 sasa. Kila hitilafu niliyoitaja hapa ina lake, na la kwanza kwenye orodha bado ni lile la alama mbili za kutoa.

Desemba 2023 niliirudia LLVM, ya apt, nikaunganisha sehemu yangu ya mbele nayo kwa siku 9. Ilikuwa rahisi kwa sababu kila ilichokuwa inanifanyia nilikuwa nimeshakifanya kwa mikono.

Kilichobaki kilikuwa ujumbe wa makosa. Toleo langu la mwanzo liliandika "Kosa: tokeni isiyotarajiwa", na mama mhasibu aliniuliza tokeni ni kitu gani. Alikuwa na haki ya kuuliza. Nikakaa naye ofisini siku mbili, yeye anaandika kanuni, mimi nimenyamaza, naandika kila mahali anapokwama. Aliposahau kufunga mabano, nikaandika ujumbe kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angemwambia karani wake. Siku mbili hizo zilileta faida kwa watumiaji kuliko mwaka wa rejesta.

Februari 2024 alinitumia picha ya skrini kwa WhatsApp. Ilisomeka hivi: "Mstari wa 7: riba ni asilimia, mkopo ni fedha, haviwezi kujumlishwa. Ulikusudia mkopo * riba?" Chini yake ameandika:

"Nimeshairekebisha mwenyewe, usijali. Ila bodi imepitisha mkopo wa bodaboda na marejesho yake ni kila wiki. Lugha yako inajua wiki?"

Haikuwa inajua. Inajua siku, mwezi na mwaka. Nikamjibu, "Kesho asubuhi, mama," nikafungua faili la aina za muda.